Ndugu yako ameugua au amefariki Ghuba: hatua za kumrudisha nyumbani

Simu za aina hii huingia usiku, nambari inaanza na +966, na mara nyingi anayepiga ni msichana mwingine wa Kikenya au wa Kitanzania anayefanya kazi nyumba ya jirani. "Dada yenu ameanguka, wamempeleka hospitali." Au ile habari nyingine. Saa moja haijaisha kundi la WhatsApp lishafunguliwa, mweka hazina keshateuliwa na nambari ya kutumia pesa inazunguka.

Mchango una mahali pake, lakini mahali pake ni mbele zaidi. Mtu aliyekwenda kwa mkataba karibu kila mara ana anayewajibika kulipia safari yake ya kurudi, awe mzima, mgonjwa au maiti. Mwajiri au ajenti akishaona familia inachangishana, kasi yake hupungua, na simu zenu huanza kuita bila kupokewa.

Hatua hizi nimeziandika nikiiangalia Saudia hasa, kwa sababu ndiko waliko wengi. Kwa Emirates, Qatar, Oman na Kuwait mtiririko ni huohuo kwa sehemu kubwa, ila majina ya ofisi hubadilika.

1. Usiku huohuo: kusanyeni maelezo, si uvumi

Aliyepiga simu ana hofu, naye huenda anatumia simu ya kuazima. Msimpotezee muda kwa "ilikuwaje?" Mwulizeni jina la hospitali na mji, jina la mwajiri (kafili) na simu yake, na kama kuna mtu amemwona mgonjwa au marehemu kwa macho yake. Ombeni picha ya karatasi yoyote iliyopo.

Huku nyumbani tafuteni nakala ya pasipoti, mkataba wa kazi, na nambari ya ikama (kibali cha ukaazi). Nambari hiyo ina tarakimu kumi, na ya mgeni huanza na 2. Mkipewa inayoanza na 1, hiyo ni ya raia wa Saudia, pengine ya mwajiri mwenyewe, iwekeni, itafaa. Kama hamna chochote, pekueni picha alizowahi kutuma, kisha asubuhi mwende ofisi ya ajenti aliyempeleka. Mkataba wa mfanyakazi wa nyumbani aliyekwenda kihalali umepitia Musaned, mfumo wa serikali ya Saudia wa mikataba ya wafanyakazi wa nyumbani, na ajenti ana nakala. Akisema hana, mwambieni awaandikie kwamba hana.

Kabla hakujapambazuka, andikieni ubalozi barua pepe. Simu ni nzuri, ila barua pepe ina tarehe. Kenya na Tanzania zote zina ubalozi Riyadh. Ujumbe uwe mfupi na kavu, mfano huu:

"Mimi ni kaka wa (jina kama lilivyo kwenye pasipoti), pasipoti nambari …, ikama nambari …. Tumeambiwa amelazwa hospitali ya …, mji wa …, tangu tarehe …. Mwajiri ni …, simu …. Aliyempeleka ni ajenti …, ofisi yake iko …. Tunaomba ubalozi uthibitishe hali yake na utujulishe afisa anayeshughulikia. Msemaji wa familia ni mimi peke yangu, simu …."

Mkihisi kwamba mnausumbua ubalozi, kumbukeni hii ni kazi yake. Na chini ya Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kibalozi wa 1963, kifungu cha 37, mamlaka za nchi alikofia mgeni zinatakiwa kuujulisha ubalozi wake bila kukawia. Pamoja na hayo, balozi nyingi husikia kwanza kutoka kwa familia.

2. Msemaji mmoja, na jina moja

Ubalozi ukipigiwa na mjomba leo, shemeji kesho na mwenyekiti wa kikundi keshokutwa, kila mmoja na lake, faili husimama. Chagueni mtu mmoja anayeweza kuandika, mwenye subira, na ambaye hatazima simu. Si lazima awe mkubwa wa ukoo. Wazee wabaki na maamuzi, yeye abaki na simu.

Msemaji huyo atahitaji hati ya uwakilishi: familia, yaani mume au mke, na kama hakuna basi wazazi au watoto wakubwa, inampa ubalozi au mtu aliyeko huko ruhusa ya kushughulikia matibabu, mwili, vitu na haki za mhusika. Hati hiyo huandikwa kwa wakili, ikathibitishwa Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ikapigwa mhuri ubalozi wa Saudia hapa nyumbani, pamoja na tafsiri ya Kiarabu. Ianzeni mapema, maana kila dirisha lina foleni yake.

Hapa ndipo herufi moja inapoweza kuwala wiki nzima. Pasipoti inasema Fatuma Ali Mwinyi. Kitambulisho kinasema Fatma Ally Mwinyi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma Aly, basi. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Karani wa Riyadh anayesoma tafsiri ya Kiarabu anaona watu watatu. Kila hati mnayoandika ifuate pasipoti, herufi kwa herufi, na kama vyeti vya nyumbani vinapishana nayo, wekeni kiapo kwa kamishna wa viapo kwamba majina yote ni ya mtu huyohuyo.

Kama kuna ubishi wa ndoa, mke wa pili au mume aliyetengana naye, umalizeni kabla ya kusaini. Watu wawili wakijitokeza kila mmoja akidai ndiye mwenye haki ya mwili, hakuna ofisi itakayoutoa.

3. Nani analipa

Sheria ya kazi ya Saudia, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri agharimie kuandaa na kusafirisha mwili wa mfanyakazi mpaka mahali alikoajiriwa, isipokuwa azikwe hukohuko kwa ridhaa ya familia, au shirika la bima ya jamii la huko libebe gharama. Wafanyakazi wa nyumbani wana kanuni zao nje ya sheria hiyo, kwa hiyo kwao mkataba ndio wa kwanza kusomwa. Tangu Februari 2024 mikataba mipya inayopitia Musaned huambatana na bima, na miongoni mwa inayoyagharimia ni kurudisha mwili na vitu vya marehemu. Kwa hiyo swali la kumwuliza ajenti ni hili: "Mkataba huu una bima? Nipe nambari yake." Emirates nako, sheria ya kazi ya 2021 na ile ya wafanyakazi wa nyumbani ya 2022 zinamtwika mwajiri mzigo wa kusafirisha mwili.

Ajenti naye hatoki hivihivi. Kenya, ajenti mwenye leseni husajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira na huweka dhamana. Mwandikieni barua, nakala iende kwenye mamlaka hiyo. Barua yenye nakala husomwa tofauti kabisa na simu ya kilio.

Shida kubwa ni ya aliyemwacha mwajiri na kwenda kufanya vibarua, wale ambao Wakenya wa huko wanawaita kemboi. Mwajiri huwa ameshamripoti kuwa ametoroka (hurubu), na anasema hamjui tena. Wengine hata jina wanalotumia hospitalini ni la rafiki aliyewaazima ikama. Kwa hali hiyo ubalozi ndio mlango pekee, na hapo mchango unakuwa wa lazima kweli. Lakini hata hapo jina la kafili wa mwisho bado liko kwenye mfumo wa serikali, na ubalozi uombwe kumwandikia rasmi kafili huyo kabla ya kuwaambia mlipe.

Mkifika kwenye mchango, pesa zisimwendee mtu binafsi anayedai "mwili utatoka nikimpa fulani kitu kidogo." Lipeni kampuni au hospitali kwa ankara, na risiti mtumiwe.

4. Kama yu hai

Msifikirie tiketi kwanza. Fikirieni daktari. Ndani ya ndege hewa ni nyembamba kama ya mlimani, sawa na mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari, na Riyadh hadi Nairobi ni zaidi ya saa nne. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu, mapafu yaliyojaa maji au aliyetoka kupasuliwa anaweza kuzidiwa angani. Hewa iliyobaki kifuani baada ya ajali hutanuka ndege ikipanda, na hiyo inaua. Hata bandeji ngumu ya plasta iliyofungwa chini ya saa 48 hupasuliwa kwanza, kwa sababu mguu huvimba ndani yake.

Kwa hiyo daktari anayemtibu aandike kwamba anafaa kusafiri, na ajaze fomu ya afya ya shirika la ndege husika. Madaktari wa shirika huipitia na wanaweza kukataa. Cheti kisiwe cha zamani. Shirika hutaka cha siku chache tu kabla ya safari.

Njia za kusafiri zina ngazi, na bei hupanda kwa kuruka, haipandi taratibu. Anayeweza kukaa anahitaji kiti cha kawaida na kiti cha magurudumu, ambacho ni bure ila kiombwe wakati wa kukata tiketi. Anayehitaji uangalizi huongezewa muuguzi wa kusafiri naye, na kwa wagonjwa wengi hii ndiyo njia ya busara. Asiyeweza kukaa huwekewa machela ndani ya ndege ya abiria: shirika huondoa au kulaza viti kadhaa na mnalipia vyote, na si kila shirika linakubali. Juu kabisa ni ndege ya wagonjwa, kama za AMREF Flying Doctors pale uwanja wa Wilson, Nairobi, ambayo kutoka Ghuba hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Nimeona familia zikianza kuichangia hiyo kwa mgonjwa ambaye angeweza kuja na muuguzi mmoja na kiti cha mbele. Mwulizeni daktari swali moja la wazi: anaweza kukaa wima saa tano?

Mgonjwa wa akili anahitaji mpango wake. Wako wanaorudi wamechanganyikiwa baada ya miezi ya kufungiwa ndani na kukosa usingizi, na rubani ana haki ya kumkataa abiria anayepiga kelele mlangoni. Atulizwe hospitali kwanza, apewe barua ya daktari na dawa za safari, na awe na msindikizaji anayezungumza lugha yake.

Halafu kuna kutoka. Bila ruhusa ya mwisho ya kuondoka hakuna ndege, na kwa kawaida mwajiri ndiye anayeitoa kwenye mfumo. Mwenye rekodi ya hurubu hupitia ofisi za uhamiaji, wakati mwingine kituo cha wanaorudishwa (tarhili), na huko mgonjwa asipelekwe bila barua ya ubalozi na ripoti ya hospitali mkononi. Deni la hospitali nalo lizungumzwe mapema: ombeni ankara yenye maelezo, mwulize kama alikuwa na bima ya afya, maana waajiri wengi hutakiwa kuilipia.

Huku nyumbani, kitanda kiwe kimeshapatikana kabla ndege haijaruka. Hospitali inayompokea itumiwe ripoti ili iseme kama inaweza. Kwa Wakenya, angalieni michango yake ya SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kama iko hai. Mtu aliyekaa nje miaka mitatu mara nyingi hata hajasajiliwa.

5. Amefariki: azikwe huko au aletwe?

Hili liamuliwe na wenye haki, mapema, na kwa maandishi. Likicheleweshwa, mwili unakaa kwenye jokofu la hospitali wiki na hata miezi.

Kwa familia ya Kiislamu, kuzikwa alikofia ni jambo jepesi na lenye heri. Maiti huoshwa, husaliwa msikitini na watu wengi kuliko tungeweza kuwakusanya sisi, na huzikwa upesi. Wa Makka au Madina, wapo wanaoliona hilo kuwa bahati aliyopewa. Kwa madhehebu ya Shafi, tuliyo nayo wengi wa Pwani, inafaa kumsalia sala ya maiti aliye mbali, kisha khitma ikasomwa nyumbani. Mnachohitaji ni barua ya ridhaa kupitia ubalozi. Ombeni jina la makaburi na nambari ya kaburi, na mtu wa kwenu ahudhurie kama yuko karibu. Nasema wazi: kama hakuna shaka juu ya kifo chenyewe, kwa Mwislamu mimi ningechagua hili. Kumsafirisha kunamaanisha kumtia dawa, kumkawiza, na kumfunga kwenye bati.

Kwa familia ya Kikristo nafasi ya kuzikia Saudia ni finyu mno, na kuchoma maiti hakuruhusiwi. Hapo kurudi ndiyo njia.

6. Karatasi za mwili

Hospitali hutoa taarifa ya kifo. Kama alifia nyumbani, barabarani au kwa kuanguka ghorofani, polisi huingia, na mwili hautoki mpaka wao waandike kwamba wamemaliza. Taarifa hiyo hupelekwa Ahwal Madania, ofisi ya hali ya kiraia, inayotoa cheti cha kifo kwa Kiarabu. Kisha huja cheti cha kutia dawa, cheti kwamba hakufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, barua ya ubalozi ya kutokuwa na pingamizi, pasipoti iliyofutwa, na ruhusa ya mwisho ya kuondoka. Ndiyo, hata maiti huhitaji hiyo.

Kwenye sababu ya kifo mtakuta mara nyingi "moyo kusimama" au "kifo cha kawaida." Moyo wa kila anayekufa husimama, hilo halielezi kilichomuua. Papo hapo, kupitia ubalozi, ombeni ripoti kamili ya matibabu na ya polisi kama ipo. Mwili ukishaondoka, kuipata inakuwa kazi ya miaka.

Ombeni pia orodha iliyoandikwa ya vitu vyake. Nguo zitakuja. Simu ndiyo hupotea, nayo ndiyo yenye ujumbe, sauti na picha alizojirekodi.

7. Ndege

Mwili husafiri kwenye shehena ndani ya jeneza lenye bati lililochomelewa lisivujishe. Mtakaposikia "mwili uko njiani," msiamini mpaka mpewe nambari ya hati ya mzigo wa ndege. Ina tarakimu 11, na tatu za mwanzo ni za shirika: 706 ni Kenya Airways, 065 Saudia, 176 Emirates, 157 Qatar, 071 Ethiopian. Kwa nambari hiyo mtafuatilia wenyewe kwenye tovuti ya shirika, na mtajua kama umeachwa Doha au Addis Ababa. Hakuna sababu nzuri ya kuwanyima nambari hiyo.

Msitangaze siku ya mazishi kabla ya hapo. Turubai hukodishwa, watu husafiri kutoka bara, na jeneza likawa bado liko ghala la Riyadh.

Ulizeni kama shirika linashusha majeneza Mombasa, Zanzibar au Kilimanjaro. Likikataa, mwili utashukia Nairobi au Dar es Salaam na kuendelea kwa gari, nayo ni gharama ya kuingizwa kwenye hesabu ya mwajiri tangu mwanzo.

8. Kupokea

Jeneza halitoki mlango wa abiria. Linatoka sehemu ya mizigo, na pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hiyo ni safari nyingine mbali na jengo mnalolijua. Waende watu watatu wenye vitambulisho halisi, nakala za karatasi zote na gari la maiti. Afisa wa afya wa uwanjani hukagua vyeti, forodha huachilia, ghala hulipwa. Kina mama na waimbaji wasubiri mochari, au nyumbani.

Bati lifunguliwe mochari, na wahudumu, kwa vifaa vyao. Aingie kwanza mtu mmoja mwenye moyo mgumu anayemjua marehemu vizuri: kovu, jino, umbo la vidole. Uso huwa umebadilika rangi na dawa hufanya ngozi kuwa ngumu, kwa hiyo msitegemee uso pekee. Kubadilishana maiti hutokea, na ni afadhali kugundua hapo kuliko kaburini.

9. Mkishuku

Msizike. Andikisheni polisi kwanza, mpate nambari ya OB kwa Kenya au RB kwa Tanzania, kisha muombe uchunguzi wa pili wa maiti mbele ya daktari wa serikali, na wa kwenu kama mnamudu. Mwambieni kwamba mwili umetiwa dawa: dawa hiyo huharibu baadhi ya vipimo vya sumu na vilevi, ila mifupa iliyovunjika, michubuko ya ndani na kiungo kisichokuwepo vitaonekana. Maneno ya "wametoa figo" yanayosambaa kwenye simu huthibitika au kufa hapo mezani, katika asubuhi moja.

10. Haki zake

Mishahara iliyobaki ni deni. Mfanyakazi wa nyumbani Saudia aliyetimiza miaka minne mfululizo kwa mwajiri mmoja ana mshahara wa mwezi mmoja wa kiinua mgongo. Aliyeuawa na gari anaweza kuwa na dia, yaani fidia ya damu. Emirates, kwa sekta binafsi, aliyekufa kwa ajali ya kazi familia yake hulipwa mshahara wa msingi wa miezi 24, usiopungua dirhamu 18,000 wala kuzidi 200,000.

Ili kudai, ubalozi utataka hati ya mirathi. Waislamu wa Kenya na Zanzibar huipata Mahakama ya Kadhi. Wakenya wengine huomba usimamizi wa mirathi katika mahakama zao za kawaida. Tanzania Bara wengi huanzia Mahakama ya Mwanzo wakiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichomteua msimamizi. Ifuatilieni hata kama mmechoka na matanga hayajaisha.

Na hundi ikija na karatasi ya Kiarabu ya kutia saini, pelekeni karatasi hiyo kwa mtu anayesoma Kiarabu cha kisheria kabla ya kugusa kalamu. Mara nyingi inasema familia imepokea haki zote na haina dai tena. Kama kilicholipwa ni mshahara wa miezi miwili tu na dia bado iko mahakamani, iandikwe hivyo, kwa tarakimu, ndipo msaini.